Jengo la maduka linatufia mikononi

Ndugu Mhariri,

Jengo la maduka jirani na kwetu hapa Tanga linazidi kuwa tupu. Juzi nilipita: milango ya chuma imeshushwa, feni zimezimwa, amebaki fundi cherehani mmoja tu, kasogeza mashine yake mlangoni kufuata mwanga. Inauma, maana vijana wetu walimalizia akiba zao kufungua maduka mle. Kodi ni kubwa, na mteja wa mitaa ya Ngamiani anataka kununua barazani, baiskeli yake akiiona. Hata Marekani, kulikofunguliwa Southdale, jengo la mwanzo la maduka yanayotazama ndani chini ya paa moja, mwaka 1956, majengo mengi ya namna hii yamefungwa. Namwomba mwenye jengo apunguze kodi na afungue maduka yaelekee barabarani, kabla fundi yule naye hajaondoka.

Mkazi wa Chumbageni,
Tanga