Tuwaulize wazee majina ya wanawake walioondoka

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na ikiwa ndefu mnisamehe maana jambo lenyewe, kutafuta ndugu zetu waliovuka bahari zamani, nimehangaika nalo miaka sita.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na baba yake mdogo aliyeondoka na meli miaka ya 1920, kazi yake ilikuwa kuchochea makaa kule chini kwenye mitambo, akafika Uingereza akabaki hukohuko, alafu baadae mkewe akamfuata. Barua zilikuwa zinakuja, vita ikaingia, zikakatika. Bibi alituachia barua moja tu, karatasi ya bluu imekunjwa mara nne, inasema wao wazima na mtoto wa tatu kazaliwa, basi. Anwani hamna. Na bahasha yake ina tundu la mraba pale juu kulia, kuna mtoto wa nyumbani enzi hizo alikuwa anakusanya stempu akaikata na mkasi, sasa alipoikata stempu akaondoka na muhuri wa posta pia, yaani jina la mji ambalo mimi nimelitafuta miaka yote hiyo lilikuwa pale pale kwenye kile kipande.

Kosa langu ni kwamba nilianzia mwisho. Bibi alikuwa hai, ana akili zake timamu, mi badala ya kukaa naye nikakimbilia intaneti, usiku kucha naandika jina la yule mzee kila namna ninayoweza, kwa h na bila h, y nikaweka i, hamna kitu. Bibi akafariki sijamuuliza hata robo ya niliyotakiwa kumuuliza. Hilo linaniuma mpaka leo na ndo sababu kubwa ya kuandika barua hii.

Kumbe nilikuwa natafuta mahali pasipo. Baharia hayumo kwenye orodha ya abiria, yeye ni mfanyakazi wa meli, ana kumbukumbu zake nyingine, kuna kadi za mabaharia wa meli za biashara za Uingereza za 1918 hadi 1941 na baadhi zina picha kabisa. Abiria alikuwa mkewe. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza inazo orodha za abiria walioingia kwa meli kutoka nje ya Ulaya kuanzia 1878 hadi 1960, na za miaka hiyo mara nyingi zinaandika mpaka anwani anayokwenda kufikia. Lakini ukoo mzima hakuna aliyejua jina lake kamili! Kila mtu anamwita mke wa fulani, mama fulani. Mwanaume tunamjua mpaka babu yake wa saba, mwanamke tunamjua kwa mtoto wake wa kwanza, na kwenye makaratasi ya serikali hilo jina la mtoto halikusaidii chochote.

Aliyenikomboa ni rafiki wa bibi, ajuza wa miaka tisini na kitu, nilienda kumjulia hali tu. Nikagusia, akasema mbona yule ni binti wa fulani, akataja jina la baba na la babu hapohapo. Dakika kumi hazikuisha.

Nikarudi kwenye orodha na jina hilo, yupo. Aliandikishwa kwa jina la baba yake, sio la mumewe, ndo maana miaka yote alinipita. Na anwani ipo.

Kuna kitu kingine wanaotafuta upande wa Uingereza wakishike vizuri. Kwenye faharasa ya vizazi ya England na Wales, yaani orodha ya serikali ya watoto waliosajiliwa kuzaliwa, kuanzia robo ya tatu ya 1911 kila mtoto ameandikwa na jina la ukoo la mama yake kabla ya kuolewa, kwa hiyo ukiwa na jina la baba na la mama kwa pamoja watoto wote wanajitokeza hata kama walihama mji. Ukiwa na la baba peke yake utaletewa watu mia. Na sisi wenye majina ya kufuatana, langu, la baba, la babu, tujue kwamba kule walichukua lile la mwisho wakalifanya la ukoo. Yule mzee baharia alitaja majina mawili, lake na la baba yake, hivyo wajukuu zake wote leo wanaitwa kwa jina la babu yetu wa vizazi vinne nyuma. Sisi tuliobaki hatulitumii tena.

Sensa pia zinachanganya. Ya 1931 ya England na Wales iliungua yote mwaka 1942, ya 1941 haikufanyika sababu ya vita, kwa hiyo kilichopo cha miaka hiyo ni daftari la raia lililoandikwa 29 Septemba 1939. Nilimkuta humo yule mama, tarehe ya kuzaliwa, na kazi yake wameandika shughuli za nyumbani bila malipo. Chini yake mistari mitatu imezibwa weusi. Waliozibwa ni wale ambao hawajatimiza miaka mia tangu wazaliwe na kifo chao hakijathibitishwa. Nilijua ni watoto, nikakaa naiangalia ile mistari muda mrefu sana.

Kwa wanaotafuta ndugu waliokwenda Marekani niseme moja tu, ile hadithi kwamba makarani wa Ellis Island, kituo cha zamani cha kupokelea wahamiaji New York, walikuwa wanawabadilishia watu majina msiitegemee, wao walifuata orodha iliyokuja na meli na iliandikwa kule ilikotokea, majina mengi watu walijibadilisha wenyewe baadae. Tafuteni jina la zamani kwanza.

Na kipimo cha DNA wengi wanakiona mkombozi. Kinasaidia ila mliochangia babu wa vizazi vinne nyuma mnabaki na chini ya asilimia moja kwa pamoja, na karibu mmoja kati ya kumi hatoonekana kabisa kuwa ndugu yako. Mpimeni mzee mkubwa aliye hai kama anaridhia, sio kijana, kila kizazi kinapunguza nusu. Na mwambieni kabla kwamba yanaweza kutoka mambo ya ndani ya nyumba ambayo hakuna aliyeyauliza.

Mkishawapata nendeni taratibu. Meseji ya kwanza iwe fupi, wewe nani, mnaunganikia wapi, na picha ya karatasi uliyonayo. Msiombe nauli wala mualiko wa viza, kule watu wanaogopa matapeli na wana haki. Wengine hawatajibu, waacheni.

Ombi langu kwako Mhariri ni kona ndogo hata mara moja kwa mwezi, watu watoe majina ya waliovuka zamani, na majina ya wanawake yawepo, maana wazee wenye kumbukumbu hizi wanasoma gazeti, intaneti hawaingii.

Mimi nilijibiwa baada ya wiki tano, na mjukuu wa yule mtoto wa tatu wa kwenye barua. Hakuuliza mengi. Alisema jina hilo ameitwa nalo tangu shule na kila mwalimu alikuwa analitamka kivyake, akaomba nimtumie sauti alisikie linavyotamkwa kwao. Nikamrekodi mama kwenye simu. Alilitaja mara tatu, mara ya kwanza akasema amelikimbiza, turudie.

Msomaji wenu