Abiria wa kusini, shukeni njiani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na wasafiri wenzangu, hasa wale ambao wameshaanza kuulizia tiketi za Desemba. Mimi ni dereva mstaafu wa mabasi ya mikoani. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliendesha kati ya Dar es Salaam na Songea, kisha nikahamishiwa barabara ya Kilwa, Lindi na Mtwara. Kila Krismasi inapokaribia, stendi hufurika watu wanaokwenda kwao. Wanapanda alfajiri na watoto wenye usingizi, wanashuka usiku, wanakaa na wazee mpaka Mwaka Mpya upite, halafu wanarudi mjini kwa njia ileile waliyoijia. Kwenda na kurudi wamepita Lugalo, wamepita Isimila, wamepita kilomita chache tu kutoka Kalenga, na wa Mbinga na Namtumbo wamelala Songea mjini, jirani kabisa na Mahenge ya hapohapo Songea. Hakuna aliyewaambia kwamba sehemu hizo zina historia na kwamba hapo wangeshuka.

Tunapohimizwa utalii wa ndani tunaonyeshwa simba na tembo. Sina ugomvi na mbuga zetu. Lakini mbuga inataka gari la kuingilia, dereva wake, mafuta yake na kiingilio cha kila kichwa, na mwalimu au muuguzi mwenye watoto wanne huishia kuitazama kwenye televisheni. Historia ya kusini haiko hivyo. Sehemu kubwa yake iko kando ya lami, basi la kawaida linakufikisha, na kilichobaki ni bajaji au boti. Kiingilio cha Mtanzania nacho ni kidogo kuliko cha mgeni.

Kwa hiyo ninalopendekeza ni moja: mwaka huu msirudi kwa njia mliyokwendea. Nendeni Songea kwa Iringa na Njombe, na kurudi piteni Tunduru, Masasi, Lindi na Kilwa. Zamani kipande cha Tunduru kilikuwa adhabu, gari lilikuwa likilala porini kwenye tope. Siku hizi ni lami, na mzunguko mzima unapitika kwa mabasi ya abiria.

Anzeni na Iringa. Ukitokea Ilula, kabla hujaingia mjini, kuna Lugalo. Hapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, wakakimaliza, na Zelewski mwenyewe akafia hapo. Wengi wetu tunaijua Lugalo ya Dar es Salaam, kambi ya jeshi na hospitali yake, na hatujui jina lile limetoka wapi. Mjini Iringa mkilala usiku mmoja, asubuhi chukueni usafiri wa kwenda Kalenga, kama kilomita 15 tu. Ndiyo njia ya kwenda Ruaha, magari ya watalii hupita hapo kila siku. Kalenga ilikuwa ngome ya Mkwawa mpaka Wajerumani walipoivunja kwa mizinga mwaka 1894. Naye hakukamatwa. Alipigana kwa kuhamahama miaka minne zaidi, na Julai 1898, alipozingirwa, akajipiga risasi.

Ndani ya makumbusho ya Kalenga kuna sanduku la kioo, na ndani ya kioo kuna fuvu lake. Niliwapeleka wajukuu zangu wawili pale wakati wa likizo ya Juni. Yule mkubwa, ambaye nyumbani hatulii, alisimama mbele ya kile kioo mpaka mdogo wake akamvuta shati. Halafu akauliza: kwa nini walikata kichwa chake na wakaondoka nacho? Mhifadhi hakumficha. Alimweleza kwamba kichwa kilipelekwa Ujerumani, kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza Mkataba wa Versailles wa 1919 uliweka kifungu kizima, cha 246, kikidai kirudishwe, na kwamba hata hivyo kilirudi mwaka 1954, miaka 35 baadaye. Aliyekipokea kutoka kwa gavana wa Kiingereza ni mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Mtoto alitoka pale na maswali mengi kuliko niliyoweza kuyajibu, na nilifurahi sana kwa hilo.

Isimila iko kwenye njia yenu ya kwenda Mafinga, kama kilomita 20 kutoka Iringa. Ni korongo lenye nguzo ndefu za udongo mgumu zilizochongwa na mvua, na chini yake zana za mawe za watu wa kale. Nendeni asubuhi, mchana jua ni kali na kivuli hakuna.

Songea ndiyo inayoniuma zaidi. Mabasi yetu yalikuwa yakilala pale, na siku za mapumziko nilikuwa nakwenda Mahenge kwa miguu. Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Majimaji vya kupinga utawala wao, Wajerumani waliwanyonga pale viongozi na wapiganaji wa Kingoni 67, wakawazika katika kaburi la pamoja. Nduna (mkuu wa vita wa Kingoni) Songea Mbano, ambaye mji wote unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye na akazikwa peke yake. Ukoo wake mpaka leo unatafuta kichwa chake, kwa sababu inaaminika nacho kilichukuliwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja mpaka Songea, akakutana na ukoo huo, akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani. Ametoka Berlin. Abiria wangu wengi waliokuwa wakishuka stendi ya Songea miaka yote ile walihitaji bajaji tu.

Kutoka hapo barabara ya mashariki inakurudisha nyuma katika vita vyenyewe. Songea ni mahali vilipomalizikia kwa kitanzi, na kadiri unavyoelekea pwani unakaribia vilipoanzia. Tunduru mtapita. Masasi pana misheni ya kale ya Waanglikana, iliyoanzishwa mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na ambayo wapiganaji wa Majimaji waliifikia mwaka 1905. Mkifika Lindi waambieni watoto kwamba bandari hiyo ndiyo ilipokea mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, yule dinosaria anayesimama Berlin na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, na wapagazi wetu ndio walioibeba mabegani kutoka porini hadi baharini.

Halafu Kilwa, na hapa naomba msiharakishe. Shukeni Nangurukuru, chukueni gari la kwenda Kilwa Masoko, laleni hapo. Kibali cha kuvuka kinapatikana palepale Masoko, na kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, penye magofu ya mji wa kale, ni kwa boti, safari fupi. Kabla ya hapo, mwenye nafasi apite Kilwa Kivinje akaone boma la Wajerumani linavyobomoka kando ya bahari. Kivinje ndiyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa.

Kisiwani penyewe nimepaona mara nyingi, na sijapachoka. Ule Msikiti Mkuu umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sehemu yake iliyoongezwa baadaye imefunikwa kwa kuba, safu kwa safu. Ukiingia ndani joto la nje linakatika ghafla. Mtembeza wageni, kijana wa pale pale kisiwani, alituonyesha jinsi jiwe la tumbawe linavyofanya kazi: likitoka majini ni laini, fundi analichonga nakshi anavyotaka, likikauka linakuwa gumu kabisa. Alinishika mkono akaupitisha kwenye ukingo uliochongwa, nikahisi mistari ya chombo cha fundi aliyekufa zamani mno. Pale chini, njiani, kulikuwa na vigae vya sahani za Kichina. Mjukuu mdogo alitaka kutia kimoja mfukoni, yule kijana akamwomba akirudishe kilipokuwa, naye akakirudisha.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo na msikiti, ni mwendo mzuri kwa miguu, na mwenye magoti mabovu ajipange. Ni kasri aliloanza kulijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, mwambani juu ya bahari. Lina kisima cha kuogelea chenye pembe nane, na wajukuu walizihesabu zote. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Kilwa wakati wa sultani huyohuyo, akaandika kwamba ni miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Mji ule ulikuwa unapiga sarafu zake wenyewe za shaba na kushika biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, mpaka Wareno walipoupora mwaka 1505. UNESCO iliuandika katika Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara.

Nimewahi kusikia abiria wakisema, dereva, pale si mawe tu? Nawajibu hapa kama nilivyowajibu kule: waliojenga ni watu wa pwani hii, waliswali na kuuza na kuoana hapo, na lugha unayoniulizia swali hilo imekulia katika miji kama ule. Mtoto aliyefundishwa darasani kwamba historia yetu inaanza na Vasco da Gama anahitaji kusimama katika msikiti ule kwa dakika chache.

Kaskazini ya Kilwa mnaingia Matumbi. Ni huko milimani, Nandete, ambako Julai 1905 watu waliokuwa wakilazimishwa kulima pamba waliing'oa, na vita vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya dawa waliyoamini yatawakinga na risasi, alinyongwa mapema Agosti mwaka huohuo, vita vikiwa bado vichanga. Waliokufa wanakadiriwa na wanahistoria wengi kuwa kati ya 200,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mazao na maghala kwa makusudi. Mtu aliyetoka Songea mpaka hapo kwa basi anaelewa ukubwa wa vita vile, maana amekaa kwenye kiti siku nzima na zaidi akipita katika nchi iliyopigana.

Sasa maombi yangu kwa wahusika. Wenye mabasi, tengenezeni tiketi inayomruhusu abiria kushuka Iringa leo na kupanda gari lenu kesho bila kulipa nauli upya. Ni jambo la konda kuandika mstari mmoja kwenye karatasi, na viti vya Iringa hujazwa na abiria wengine hata hivyo. Wanaosimamia mambo ya kale, wekeni mabango stendi, kwa Kiswahili, yenye umbali na saa za kufungua. Na tafadhali fungueni siku za sikukuu. Nilifika sehemu moja tarehe 26 Desemba na familia, tukakuta kufuli, na mlinzi hakuwa na la kutuambia isipokuwa turudi siku za kazi. Siku za kazi wenye watoto wako kazini! Sikukuu ndiyo siku pekee ambayo Mtanzania wa kawaida yuko barabarani na familia yake yote.

Wazazi nanyi, najua mzunguko huu unaongeza nauli na usiku kadhaa za gesti. Kama fedha ni kidogo, chagueni kipande kimoja tu: wa Iringa na Njombe waione Kalenga, wa Dar es Salaam waende Kilwa, ambako ni zaidi kidogo ya kilomita 300. Epukeni miezi ya masika, kwa maana maeneo ya Somanga, kwenye njia ya Kilwa, barabara imewahi kukatwa na mafuriko. Na wenye wazee Songea, kama likizo yenu inaweza kusogezwa, isogezeni mpaka mwishoni mwa Februari. Tarehe 27 watu wa Songea hukusanyika Mahenge kuwakumbuka mashujaa wao kila mwaka, na mgeni anapokelewa vizuri.

Dereva mstaafu,
Makambako