Mdogo wangu, rudisha ile nukta

Mdogo wangu,

Juzi nikiwa hapo nyumbani Kakamega nilifungua daftari lako la nyota, lile ulianza wakati stima ilipotea wiki nzima, nikaona karibu na Kilimia, kile kikundi cha nyota, umefuta nukta moja kwa raba mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Nilipokuuliza ukasema siku tano baadaye uliikuta imesonga, kwa hivyo ulijua ulikosea kuchora. Nilinyamaza juu wageni walikuwa wanaingia, lakini hiyo kitu imenikaa rohoni mpaka nimefika nayo Kisumu.

Sasa sikiza. Kulikuwa na padri Mwitaliano, Giuseppe Piazzi, yuko Palermo anatengeneza orodha ya nyota, na kawaida yake ilikuwa kupima nyota ileile usiku kadhaa. Tarehe 1 Januari 1801 akaandika kanyota hafifu upande huohuo wa Kilimia, kesho yake akakakuta kamehama. Si angesema tu mkono wangu uliteleza jana, afute? Hakufuta. Akapima tena na tena, kakawa kanatembea tu, na hivyo ndivyo Ceres ilipatikana, asteroidi, yaani ile miamba inazunguka jua, ya kwanza na kubwa kuliko zote katika ule ukanda wa kati ya Mirihi na Mshtarii, upana wake kama kilomita 940, yaani karibu Busia mpaka Mombasa kwa barabara.

Halafu Februari akaugua, na Ceres ikaelekea upande wa jua ikapotea kabisa, watu wakaitafuta wee. Ujerumani kuna kijana wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, akachukua zile namba za Piazzi, za siku 41 peke yake na Ceres inazunguka jua kwa zaidi ya miaka minne, hebu fikiria ni kipande kidogo aje, akapiga hesabu akasema itatokea upande gani. Desemba hiyohiyo ikaonekana karibu na pale alisema. Namba zenyewe zingefutwa angehesabu nini?

Yako si Ceres, hiyo macho matupu hayaioni. Pengine uliona sayari, nazo huhama hivyohivyo katikati ya nyota. Lakini uliiona wewe mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, na ukarudi kuangalia.

Ukiinamisha ile karatasi kwa tochi alama ya penseli bado iko. Ipitishe peni, andika tarehe zote mbili, na leo usiku kama hakuna mawingu toka nje uangalie imefika wapi halafu unipigie, hata kama ni saa sita.