Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kisumu: Majibu ya saratani ya mfuko wa uzazi yataje aina na daraja

Mheshimiwa Waziri,

Mama yangu alitokwa na damu miaka tisa baada ya kukoma hedhi. Kipande cha nyama kilitolewa katika mfuko wake wa uzazi kikapimwa, na majibu yaliyotufikia baada ya majuma matano yalikuwa sentensi moja: saratani imeonekana. Ninakuomba uagize kwamba katika hospitali zote za kaunti yetu jibu la namna hiyo lisihesabiwe kuwa limekamilika.

Saratani ya utando wa ndani wa mfuko wa uzazi si ugonjwa mmoja. Iliyo ya kawaida zaidi, endometrioidi, mara nyingi huchochewa na homoni ya estrojeni inapokosa projesteroni ya kuisawazisha, na chini ya darubini seli zake bado hujaribu kujenga tezi zinazofanana na za utando wenyewe. Mtaalamu wa patholojia huipa daraja, yaani kipimo cha ukali wake, kwa kukadiria sehemu ambayo seli zimeacha kujenga tezi zikarundikana tu: isipozidi asilimia 5 ni daraja la 1, ikifika hadi 50 ni la 2, ikipita hapo ni la 3. Ya seroasi ni nyingine kabisa. Aghalabu huota katika utando uliokwisha kunyauka kwa umri, viini vya seli zake huwa vikubwa visivyolingana, jeni ya TP53 huwa imeharibika karibu kila mara, nayo huweza kusambaa tumboni hata kabla ya kuzama katika misuli ya mfuko. Hiyo huhesabiwa kali tangu mwanzo.

Mama ni mwembamba na hana kisukari, hakuwa na dalili za hatari tulizozijua, basi tukadhani tuna muda. Kipande kilekile kiliposomwa upya Nairobi, ilikuwa seroasi.

Fomu ya majibu itaje aina, daraja, na kama seli zimeingia katika mishipa midogo ya damu na limfu. Vyumba vya upasuaji visikose formalini, dawa ya kuhifadhi nyama iliyokatwa, maana nyama inayochelewa kutiwa humo huharibika na sura ya seli kupotea. Vipimo vya p53, protini inayotokana na jeni ya TP53, na vya protini zinazorekebisha DNA vipatikane hapa Kisumu, kwa kuwa upungufu wa protini hizo unaweza kufichua ugonjwa wa kurithi wa Lynch, unaowaweka watoto wa mgonjwa katika hatari ya saratani ya utumbo mpana pia.

Mama amefanyiwa upasuaji na anaendelea na dawa. Jirani yetu alitolewa kipande juma lililopita, na bado anasubiri majibu.

Wako mtiifu,
Binti wa mgonjwa, Nyalenda, Kisumu