Barua kwa Okello: kigari cha kumtoa majeruhi

Jinja,
9 Machi 2026

Ndugu yangu Okello,

Salamu nyingi. Natumai wewe na wenzako wa kitengo cha tiba hamjambo, na mama watoto huko Lira ni mzima. Barua yako imenifikia. Umeuliza kama roboti inayoendeshwa kwa rimoti inaweza kumtibu askari palepale alipoangukia, kwa kuwa wakubwa wako wameona video ya mikono ya chuma ikishona ganda la zabibu na sasa wanataka maoni yenu. Nakujibu kwa kirefu, maana hapa tunazungumzia roho za vijana, na fedha ikitumika vibaya mwanzoni hairudi.

Mikono waiache kwanza. Waombe mgongo, yaani kigari cha rimoti cha kumbeba majeruhi.

Angalia wanaokufa wanakufa vipi. Madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa vifo 4,596 vya vitani, kuanzia 2001 hadi 2011. Asilimia 87 walikata roho kabla ya kufika hospitali yoyote. Kati ya hao, karibu robo walikuwa na majeraha ambayo pengine wangepona, na katika robo hiyo watu tisa kwa kila kumi waliuawa na damu iliyotoka bila kuzuiwa. Sehemu kubwa ya damu hiyo ilitoka kifuani na tumboni, ambako mkanda wa kubana damu haufungiki. Karibu moja ya tano ilitoka kinenani, kwapani na shingoni, na iliyobaki mikononi na miguuni. Kwa hiyo majeruhi anahitaji mambo mawili: mtu wa kuziba pale panapozibika ndani ya dakika chache, na chombo cha kumfikisha kwa mpasuaji haraka kwa yale yasiyozibika.

Mikono ya kupasulia ina historia ndefu, nakupitisha upesi. Tarehe 7 Septemba 2001 Jacques Marescaux alikaa New York akamtoa mgonjwa wa Strasbourg, Ufaransa, kifuko cha nyongo. Kazi ilikwenda vizuri. Lakini walikodi njia maalumu ya nyuzi za kioo, zinazopitisha mawasiliano kwa mwanga, chini ya bahari, amri na picha vikachelewa kwa takriban milisekunde 155 tu, na pembeni ya mgonjwa kulikuwa na timu kamili ya upasuaji. Baadaye DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, iligharimia mradi ulioitwa Trauma Pod: chumba cha upasuaji kisicho na binadamu ndani zaidi ya mgonjwa, roboti moja ikikata na nyingine ikimpa vifaa kama nesi. Kilionyeshwa kikifanya kazi, ila aliyelala mezani alikuwa sanamu. Mashine ya upasuaji waliyotumia ni da Vinci, ambayo sehemu yake ya mikono peke yake huzidi nusu tani. Ipeleke basi kwenye tope la Juni.

Kuna na suala la mawimbi. Setilaiti ya kawaida ya mawasiliano iko juu kilomita 35,786. Amri ikipanda na kushuka, kisha picha ikarudi kwa njia hiyohiyo, nusu sekunde imekwisha, na hujaongeza muda wa kamera kuipanga picha. Mpasuaji anaona mshipa ulivyokuwa, haoni ulivyo sasa. Setilaiti za chini, zile za kilomita 550 hivi, zimepunguza sana muda huo, lakini adui akizima mawimbi hata kwa sekunde kumi, kisu kiko wapi wakati huo? Na kinena kinachovuja hukizibi kwa kutazama. Kidole huingia kwenye jeraha, hutafuta mahali damu inaposukuma, ndipo shashi hufuata nyuma ya kidole hicho. Mkono wa chuma usiohisi utaziba juu na damu itaendelea kujaa chini.

Sasa tuje kwenye kigari, ambako ndiko ningependa wakubwa wako waelekeze macho. Nchini Ukraine droni ndogo (ndege zisizo na rubani) zimefanya gari la wagonjwa lisiweze kusogea karibu na mstari wa mbele mchana, hata usiku kwa shida, kwa hiyo wameanza kutumia vigari vya chini vya rimoti kuwatoa majeruhi. Kwenu sababu ni nyingine kidogo. Mtu akilipuliwa na bomu la kutegwa barabarani, mara nyingi kuna bomu la pili linawangoja wanaokimbilia kumwokoa. Kigari kikitangulia, kikilipuka kimelipuka chuma.

Vipimo vianze na machela. Ile ya kiwango cha NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ina urefu wa sentimita 229 na upana wa 58. Kitanda cha kigari kiwe cha kuipokea hiyo bila kumhamisha majeruhi mara mbili, na upana wa nje usizidi sentimita 80 ili kipite kwenye njia ya mguu. Urefu wa kitanda kutoka ardhini uwe sentimita 35 hadi 40. Hapo usikubali kubembelezwa na fundi anayetaka magurudumu makubwa: mtu aliyevunjika mguu, akiwa peke yake, hukaa kwanza halafu hujiviringisha. Kikifika kiunoni atakitazama tu mpaka nguvu zimwishie.

Nimekupigia hesabu ya nguvu. Kigari kilo 150, majeruhi na vifaa kilo 100, jumla 250. Kwenye udongo laini msuguano wa magurudumu ni kama asilimia 15 ya uzito, yaani nyutoni (kipimo cha nguvu ya kusukuma) 370 hivi. Weka mlima wa asilimia 20, yaani unaopanda mita 20 kwa kila mita 100, unaongeza nyutoni 490. Jumla 860, ambayo kwa magurudumu manne yenye nusu kipenyo cha sentimita 20 ni nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 43 kila gurudumu. Mota za ndani ya gurudumu zinaweza, mradi ziwe zimepunguziwa mwendo kwa giya. Kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, mlima huo unakula wati 860 kwenye gurudumu, na kwa kuwa kama asilimia 40 hupotea kama joto, betri itatoa kama wati 1,430. Kwa volti 48 hiyo ni ampea 30.

Namba hiyo ya 30 ishike vizuri. Vidhibiti vingi vya betri za bei nafuu hukata umeme kwenye ampea 30 ili kulinda seli. Kwenye uwanja tambarare kigari kitakwenda siku nzima, kila mtu atapiga makofi. Siku ya kazi, katikati ya mlima, majeruhi juu, kitazima ghafla kana kwamba kimekufa, na hakuna kilichoharibika. Nunueni kidhibiti cha ampea 60. Na hapohapo linakuja kosa la pili: mota hizi zikikosa umeme hazishiki, zinaachia. Kigari kitarudi nyuma na mtu wako. Lazima pawe na breki ya springi inayoachia kwa umeme na kubana yenyewe umeme ukikatika. Fundi akikuambia breki ya aina hiyo inaongeza uzito, mwambie ni kweli, na aifunge.

Betri ya volti 48 na ampea-saa 30 ina kama kilowati-saa 1.44, na usitegemee zaidi ya asilimia 80 yake. Kwenda kilomita 5 mtupu na kurudi 5 na mzigo kwenye udongo laini kunahitaji karibu 1.36. Haitoshi. Ama mbebe betri mbili, ama mkubali kilomita 4, na hata hizo ziwe bila milima.

Yanayoharibika mara kwa mara ni madogo. Nyasi ndefu na nyaya hujisokota kwenye ekseli kati ya gurudumu na fremu mpaka mota iungue; wekeni kisahani cha kuziba nafasi hiyo. Tope hujaa kati ya tairi na madigadi, kwa hiyo madigadi yatolewe kabisa. Waya zinazopita chini ya tumbo hung'olewa na visiki, zipitisheni ndani ya bomba la fremu. Kamera ikiwa chini huona nyasi na nyasi tena. Ipandisheni kwenye mlingoti wa mita 1.2 unaokunjika, na iwepo ya pili inayomtazama majeruhi usoni, yenye taa ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kwa usiku.

Mawasiliano yakikatika kigari kifanye nini? Wengi huamua kisimame. Mimi naona kukisimamisha penye risasi na mtu juu yake ni kumwacha mara ya pili. Kingoje sekunde 15, kisha kirudi chenyewe kwa njia ileile kiliyojia mpaka kinase tena mawimbi. Na kisitegemee setilaiti za kuonyesha mahali, maana hizo huzimwa kwanza. Kihesabu mizunguko ya magurudumu na kutumia dira. Uzi wa kioo unaopitisha amri badala ya redio, ukifunguka kutoka kwenye bobini, hauzimwi na mtu, na Waukraine wanautumia sana kwenye droni, lakini kigari kikirudi nyuma huukanyaga na kuukata. Kwa safari ya kurudi muwe na redio.

Kisha mfuko, Okello. Kigari kikifika kikiwa kimebeba mfuko mzuri kimeshaanza kutibu kabla hakijambeba mtu. Mikanda miwili ya kubana damu, pakiti mbili za shashi yenye dawa ya kugandisha, plasta mbili za kifua zenye vali (kilango cha kutoa hewa bila kuiingiza), bandeji ya kukaza, blanketi la kuzuia baridi, kalamu ya wino usiofutika. Ufungwe upande wa juu, ufunguke kwa mkono mmoja au kwa meno. Na pawe na spika na maikrofoni. Hapo ndipo daktari aliye mbali anapokuwa na faida, kwa sababu mazungumzo yanavumilia kuchelewa nusu sekunde, kisu hakivumilii.

Anayeongea aongee Kiswahili kifupi cha jeshini ambacho kijana wa Lango na wa Ankole wote wanakielewa, kitu kimoja kwa wakati. "Mkanda juu ya jeraha, vidole vinne. Vuta. Vuta tena. Zungusha kijiti. Damu bado inatoka? Zungusha." Vidole vinne ni ile sentimita 5 hadi 7 ya kwenye mafunzo, kutoka kwenye jeraha kuelekea kiwiliwili, siyo juu ya jeraha lenyewe; kama jeraha halionekani, mkanda upandishwe juu kabisa ya mguu au mkono. Aambiwe mapema kwamba itauma sana, la sivyo atalegeza. Halafu: "Andika saa." Akishindwa kuandika, mwendeshaji ndiye aandike, maana baada ya saa mbili hatari kwa kiungo huongezeka, na mpasuaji atauliza. Shashi ikishasukumwa ndani, ibanwe dakika tatu kamili. Mwendeshaji ahesabu kwa sauti, kwa kuwa mtu mwenye maumivu huona sekunde thelathini ni dakika tatu.

Juu ya kitanda, mikanda mitatu: kifua, nyonga, magoti. Aliyezimia alazwe ubavu, kwa sababu akitapika njiani hakuna mkono wa kumgeuza. Nyonga iliyovunjika ifungwe kwanza, mtikisiko huifungua damu iliyokwisha kuganda. Punguzeni upepo wa matairi, na mwendo wa kurudi usizidi ule wa mtu anayetembea. Blanketi msilidharau eti kwetu ni joto: aliyepoteza damu hupoa hata Moroto mchana, na damu iliyopoa haigandi vizuri. Kipimo cha oksijeni kwenye kidole kilichopoa husoma upuuzi; kiwekwe sikioni. Na pumzi isipimwe kigari kikitembea. Simameni nusu dakika penye usalama, mhesabu kifua kikipanda.

Neno moja la sheria, na naomba ulisimamie hata wakikununia. Watataka kigari kipeleke risasi mbele na kirudi na majeruhi. Naelewa kwa nini. Lakini Mikataba ya Geneva inalinda vyombo vya tiba vinavyofanya kazi ya tiba, na chombo kilichobeba risasi hakistahili kuvaa msalaba mwekundu. Kikikamatwa kimoja hivyo, adui atakuwa na kisingizio cha kupiga vyote. Ama mtenge vigari viwili vyenye rangi tofauti, ama hicho kimoja kisivae alama kamwe.

Majaribio yaanze kwa jerikeni. Nne za lita 20 zilizojaa maji ni kilo 80. Zifungeni kama mtu, na ya tano iwekwe mahali pa kichwa bila kifuniko, ijazwe nusu. Peleka, rudisha, tazama maji mangapi yamemwagika. Yakimwagika mengi, usimweke mtu. Baadaye mlaze askari mzima, mchana, halafu usiku, halafu mwambie ajitahidi kupanda peke yake kwa mkono mmoja huku mguu umefungwa. Pimeni dakika alizotumia.

Nitumie vipimo vya mlango wa ambulansi yenu na kimo cha sakafu yake, na upime machela zenu hasa, siyo za kwenye karatasi. Fremu tunaweza kuichomelea kwa mafundi wa Katwe, Kampala, ndani ya wiki mbili nikishapata namba hizo.

Msalimie mama watoto, na yule kijana wako wa mwisho.

Wako,
Mugisha