Mazoezi ya klempu yamesogezwa

Habari za jioni wanakikundi. Mazoezi ya kutenga jino kwa mpira (kulizungushia jino shiti ya mpira wakati wa matibabu) sasa ni Jumamosi saa 3 asubuhi, chumba kilekile.

1. Kila mmoja aje na klempu (kibanio kinachoshikilia mpira kwenye jino) mbili: ya gego, na namba 212 ya shingo ya jino la mbele. Kagueni upinde unaounganisha pande mbili za klempu; yenye ufa iacheni.
2. Uzi wa meno msisahau. Tunaufunga kwenye klempu kabla haijaingia mdomoni, ili ikifyatuka tuivute mgonjwa asije akaimeza. Hapo sina mzaha.
3. Koleo la kuwekea klempu na kitoboleo cha mpira naleta mimi.

Muda mwingi tutahakikisha ncha zote nne za klempu zinashika chini ya sehemu pana ya jino bila kuuma fizi.

Atakayekuja aandike jina hapa kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Asanteni.