Shoga, hiyo taa ya zambarau usiilipie kwanza

Shoga angu, salaam aleikum. Picha ya hiyo taa ya zambarau unayotaka kuoteshea saladi ndani nimeiona, na voisi zako zote nimezisikiliza, ile ndefu nimeimaliza huku nakuna nazi, afu nikaona haya si mambo ya kujibu kwa voisi, bora nikuandikie utulie uyasome kabla hujatoa hela yako. Kwanza hongera kwa hicho chumba cha saladi cha hapo Bagamoyo. Nyumba ya mawe ya kizamani, kuta nene vile, hata kaskazi likikaza mle ndani kunakuwa na ahueni, na saladi kinachoiua huku kwetu pwani sio kukosa jua, jua tunalo la kugawa, ni joto, ikishaona joto inavuta shina juu inataka kutoa maua na majani yanakuwa machungu kama shubiri. Kwa iyo wazo la kuiweka ndani silipingi kabisa.

Ninachopinga ni hiyo rangi. Mwenye duka kakwambia nyekundu ni ya maua na buluu ni ya majani, ukichanganya unapata zambarau, basi mmea umeshiba. Sio kwamba kakudanganya, kakupa nusu ya habari. Klorofili, ule ukijani wa jani, kweli inanyonya sana buluu ya kwenye nanomita 450 hivi (nanomita ndo kipimo cha rangi ya mwanga) na nyekundu ya kwenye 660, na zamani wenye viwanda wakasema kama ni ivo kijani cha nini, si jani linairudisha ndo mana tunaliona la kijani. Lkn jani zima sio klorofili kwenye chupa ya maabara. Kuna mtafiti mmoja, Keith McCree, alikuwa Texas, mwaka 1972 alitoa vipimo vya majani ya mimea mingi tu, rangi moja moja kuanzia nanomita 350 mpaka 750, nyekundu ikaongoza sawa, ila kijani haikuachwa mbali na buluu kama watu wanavyodhani. Na kijani ina faida yake, inapenya ndani zaidi ya jani na inafika kwa majani ya chini ambayo buluu na nyekundu zimeishia kwa ya juu.

Afu kuna hili la kazi ya kila siku, ambalo muuzaji hawezi kukwambia. Chini ya zambarau jani la saladi unaliona jeusi. Jeusi kabisa, mana kijani cha kukurudia machoni hakipo. Sasa we unaingia asubuhi na kikombe chako cha chai, unataka kujua kama jani la chini limeanza umanjano, kama vidukari wameshika kwenye mshipa nyuma ya jani, kama ncha zimeungua, utaonaje? Mpaka uzime taa uwashe tochi ya simu. Ukikaa mle mda mrefu ukitoka nje dunia nzima unaiona ya kijani, macho yanakuwa yamechoka. Hata NASA, wale Wamarekani wa mambo ya anga, walipopeleka kile kibustani chao cha Veggie huko juu angani mwaka 2014 taa zilikuwa nyekundu na buluu lkn waliweka na kijani, chakula kionekane chakula, na mwaka 2015 wanaanga wakala saladi waliyootesha wenyewe. Na tena shoga, dirisha la Bagamoyo linawaka zambarau saa nne ya usiku, watu watasema nini? Ntakuja hapo.

We nunua nyeupe. LED nyeupe ndani yake ni kidude cha buluu kilichofunikwa unga wa manjano, buluu nyingine inapita kama ilivyo, nyingine ule unga unaigeuza kuwa kijani, manjano na nyekundu, kwa iyo ukinunua nyeupe buluu umeshaipata. Kwenye boksi tafuta namba ya Kelvini. 6500 ni ile nyeupe ya baridi kama ya dukani kwa wauza simu, buluu yake nyingi, mche unakaa mfupi mnene, nzuri kwa kitalu. 3000 ni ya njano njano, nyekundu nyingi, mmea unatanuka. Mi ningechukua 4000 nikamaliza kazi, na ukipata taa nyeupe iliyochomekewa vidoti vya nyekundu ya 660 ndo safi zaidi mana nyekundu ile inatoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo, ila sio lazima. Ile inayoandikwa fulu spektra, yani rangi zote, usiiamini kwa jina, kila mtu siku hizi anaandika fulu spektra hata kwenye taa ya zambarau tupu.

Kuna nyekundu nyingine ya mbali, nanomita 730, jicho haliioni vizuri lkn mmea unaijua sana. Ukiwa chini ya mti, majani ya juu yamekula nyekundu ya kawaida ile ya mbali ikapita, mmea wa chini unajua hapa nimezibiwa, basi unarefuka kutafuta mwanya. Na hii siri waliivumbua kwa mbegu za saladi hizi hizi! Watafiti wa kilimo wa Marekani, wa kule Beltsville, mwaka 1952, walizimulika mbegu zilizolowana kwa nyekundu zikaota, wakamulika ya mbali zikagoma, wakabadilisha tena na tena, ikawa ile rangi ya mwisho ndo inayoamua. Kwa iyo ukisia mbegu usizifukie, ziache juu ya udongo uliolowa, unyunyizie vumbi kidogo tu la udongo juu, zione mwanga. Na zikigoma kuota usiwalaumu wauza mbegu, joto likipita digrii 30 hivi mbegu nyingi za saladi zinalala. Ziweke kwenye tishu mbichi, kikopo, chini kabisa ya friji siku moja mbili, ndo uzitoe.

Sasa ile video aliyokutumia mwanao, ya "wiki hizi buluu, wiki zile nyekundu, masaa kumi na nane kisha kumi na mbili". Shoga, ile ni ya bangi. Yule jamaa hajasema mana kwao ni kawaida, Canada imeruhusu tangu Oktoba 2018 na Marekani yako majimbo yameruhusu, na hawa wakulima wa ndani wa bangi ndo wameandika karibu kila kitu utakachokikuta ukitafuta taa za mimea, we unatafuta saladi unapewa hesabu za bangi. Bangi ni mmea wa usiku mrefu, kukiwa na masaa 18 ya mwanga inakuza majani, wakikata mpaka 12 inatoa maua, na ni lile giza ndo linaloiamuru sio rangi ya taa. Habari ya kubadilisha rangi ni ya enzi za taa za zamani, walikuwa na aina moja yenye ububuluu ya kukuzia na nyingine ya sodiamu, ile rangi ya chungwa ya barabarani, ya kutolea maua, wakawa wanabadilisha balbu katikati. Leo wengi wao wamehamia nyeupe moja kuanzia mwanzo mpaka mavuno, wakulima wenyewe wa bangi wameiacha zambarau, sisi ndo tunauziwa makombo. Na we maua huyataki! Saladi ni kinyume cha bangi, masaa yakizidi marefu na joto likiwepo ndo inakimbilia maua. Kaa kwenye 14 mpaka 16, basi. Na huku kwetu unajua sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haina mchezo na mmea ule, kwa iyo hilo dirisha la zambarau usiku, mjumbe akipita akaamua kugonga mlango uanze kumweleza habari za saladi... mi nacheka lkn we hutacheka.

Rangi tumemaliza, na nikwambie ukweli rangi sio kubwa kama wingi wa mwanga. Lumeni za kwenye boksi, yani kipimo cha wingi wa mwanga, ni za jicho la mtu, jicho linapenda kijani, mmea haujali. Lkn kwa taa nyeupe unaweza kubahatisha kwa simu, ile programu ya kupima luksi, yani mwanga unaoangukia mahali, weka simu pale majani yalipo, namba utakayopata gawanya kwa 65 au 70 unapata mikromoli, yani hesabu ya chembe za mwanga, zinazohesabika kwa mmea. Miche inataka kama 100 mpaka 200, saladi inayokua 200 na kitu, yani kwenye luksi elfu 13, 14. Kwa taa ya zambarau mchezo huu haufanyi kazi, simu inaona kama jicho, itakupa namba ya uongo. Sababu nyingine ya kuiacha.

Zile tyubu za LED za futi nne za dukani kwa fundi umeme, za wati 18, ukizipanga sita juu ya rafu ya mita 1.2 kwa sentimita 60, ukazishusha ziwe kama sentimita 20 juu ya majani, unakaribia kwenye luksi elfu 12. Inatosha. Sasa piga hesabu, sita mara 18 ni wati 108, masaa 16, ni uniti 1.7 kwa siku, uniti 52 kwa mwezi. Rafu moja! Na nyumba yako iko kwenye ile tarifu ya matumizi madogo, uniti 75 kwa mwezi, friji na feni zikijumlishwa umeshatoka, na ukitoka bei ya uniti ni nyingine kabisa. Kwa rafu hiyo unavuna vichwa ishirini na kidogo. Gawanya mwenyewe uone kichwa kimoja kimekula umeme wa shingapi, wakati saladi ya Lushoto inashuka kila siku kwenye matenga na kule juu baridi wanapewa bure.

Kwa iyo mi ningefanya ivi. Taa ziwe za miche tu, tyubu nne zinatosha, miche mia na ushee inakaa kwenye trei chini ya rafu hiyo moja, wiki tatu, afu inatoka uani chini ya shedi neti. Kusi likiingia, Juni mpaka Agosti, uani panatosha. Kaskazi ndo unabakisha ndani kidogo ya wateja wako wa hoteli, na usioteshe ile ya kufunga kichwa, otesha ya majani au Batavia, inavumilia joto na unaweza kuchuma jani jani. Rihani, ile ya majani ya kunukia, usiipotezee taa, hiyo inapenda joto letu, ipande kwenye ndoo nje.

Hiyo taa aliyosema ni wati 1000, hebu kabla ya kulipa mwambie akuwashie masaa kumi kwenye LUKU yake, ikila uniti moja ni wati 100, habari imeisha hapo. Na feni ndogo usisahau, hewa ikituama mle ncha za saladi zinaungua hata kama kalsiamu umeweka. Eksitensheni iwe juu ukutani sio sakafuni unapomwagia maji, na chumvi ya bahari inavyokula vyuma vya umeme huko kwenu bora upake grisi kidogo kwenye viungio.

Taima ya kuwasha na kuzima taa yenyewe ninayo moja ya ziada hapa Chumbageni, Tanga, ntaipa basi linalopita Msata na Bagamoyo, we nipimie rafu tu uniambie upana na kama dari inashika skrubu au ni boriti tupu. Mama msalimie sana, mwambie mkeka wake umeshaisha kusukwa, bado ushonaji.